Hisabati Iliyomo Kwenye Mahamri

Sukuma donge la mahamri mpaka liwe duara lenye kipenyo cha sentimita 20, kisha likate msalaba kwa kisu. Waulize wanafunzi kila kipande kina umbo gani. Wengi watajibu: pembetatu. Usikubali haraka, wape rula na uzi. Pande mbili zimenyooka, kila upande sentimita 10, nazo zinakutana kwa nyuzi 90. Upande wa tatu ni tao, na uzi ukiufuata unatoa karibu sentimita 15.7, yaani robo ya mzingo. (Wapime upesi: donge lisilopumzishwa hujirudi, na vipimo vitagombana.)

Swali linalofuata huwanasa hata watu wazima. Chapati ya kipenyo cha sentimita 20 inahitaji unga mara ngapi ya ile ya sentimita 10, kama unene ni uleule? Mara mbili, watasema. Kumbe ni mara nne, kwa kuwa eneo la duara hutokana na nusukipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Anayebisha aunganishe madonge manne madogo, asukume upya, apime.

Kashata nazo zina somo lake. Muuzaji hukata sinia kwa mistari sambamba, kisha hukata tena kwa mshazari. Nafasi kati ya mistari ikiwa sawa kote, kila kipande hutoka rombasi. Nafasi za mkato wa pili zikipanuka, hubaki msambamba tu. Vile vipande vya pembeni vilivyokatika nusu, ambavyo watoto huvigombania, ni zoezi zuri la sehemu.

Na sehemu hizo wapishi wa pwani walikuwa nazo zamani katika vipimo vyao vya nafaka: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Robo, nusu, nzima. Pishi bado inatajwa kila mwisho wa Ramadhani watu wanapotoa zakatul-fitri.

Ubiratan D'Ambrosio, mwanahisabati wa Brazili aliyefariki mwaka 2021, alitetea kwa miongo mingi kwamba kila jamii ina hisabati yake katika kazi zake. Vitabu vyetu vimelisikia hilo nusunusu: vinaandika "Mama alikata mkate vipande vinane", kisha mkate hautajwi tena. Huo ni urembo, si ufundishaji. Chakula kinafundisha pale kinapoweza kumkosoa mwanafunzi.

Kinakosoa pia kanuni yenyewe ya uwiano. Ugali wa watu 400 unataka unga na maji mara mia ya ule wa watu wanne, lakini muda wa kusonga hauzidishwi kwa mia. Mpishi wa shule anajua kwa nini. Mwalike darasani aeleze.

Mwalimu mwenye watoto 80 asiwashe jiko. Unga, maji, rula na uzi vinatosha kwa kipindi kizima, na kashata anunue zilizokwisha kukatwa.