Mikono na Maumivu ya Kiuno

Osteopathia ni tiba ya mikono iliyoasisiwa mwaka 1874 na daktari Mmarekani, Andrew Taylor Still. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Still aliamini kuwa mfupa ukihama mahali pake huziba njia ya damu na kuzaa maradhi. Nadharia hiyo haikudumu. Mbinu zake za mikono zimebaki, na hutumika zaidi kwenye kiuno.

Katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, chanzo cha maumivu ya kiuno huonekana shambani. Matuta ya intumba huinuliwa kwa jembe la mkono: mkulima huinama, hupindua udongo na kufukia majani yaoze yawe mbolea, tuta baada ya tuta. Misuli inayoshikilia uti wa mgongo ikielemewa kutwa nzima hukaza, maungio madogo kati ya pingili hukakamaa, na kunyooka kukawa kazi. Akipigwa eksirei, mara nyingi hakionekani kitu.

Mtabibu wa osteopathia huanza kwa kuuliza, kisha humtazama mgonjwa akiinama na kugeuka, na kupapasa palipokaza. Huchua misuli, huvuta kiungo polepole, au humwambia mgonjwa asukume mkono wa mtabibu kwa sekunde chache kisha alegeze. Msuli ukitoka kukaza hivyo hukubali kunyooshwa zaidi. Pengine husukuma pingili kwa ghafla, ikalia. Wengi hudhani mfupa umerudi mahali pake, lakini mlio huo ni wa gesi inayofanya povu ndani ya ute wa kiungo. Nafuu huja kwa njia ya mishipa ya fahamu: mguso hutuliza maumivu, misuli hulegea, na mgonjwa huacha kuogopa kujongea. Kuondoka kwa hofu hiyo ni tiba kubwa. Tafiti zinaonyesha nafuu ya wastani kwa kiuno, karibu sawa na ya mazoezi. Anayedai kuponya kisukari kwa kukanda mgongo hana ushahidi.

Kuna migongo isiyopaswa kukandwa kabisa. Maumivu yenye homa, jasho la usiku na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Aliyeanguka kutoka mtini, au ambaye miguu yake imelegea, au hawezi kuzuia mkojo, apelekwe siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga. Kwa maumivu ya kawaida, wataalamu wa fiziotherapia hutumia nyingi ya mbinu hizihizi, pamoja na mazoezi ambayo mgonjwa huendelea nayo nyumbani.