Mteja Ambaye Hajaamua: Mambo Sita ya Kujifunza Kutoka Mtaa wa Maduka wa Disney Springs



Kila anayeuza mtandaoni anamjua huyu mteja. Anaangalia stetasi zako zote, anapenda picha, pengine anauliza swali moja, halafu kimya. Hajakataa, hajanunua. Hajaamua tu. Na bando letu na hela ya matangazo, sehemu kubwa inaishia kwake.

Leo tumzungumzie huyo, na mfano wangu unatoka mbali kidogo. Kuna mtaa wa maduka na migahawa unaitwa Disney Springs, uko Florida, Marekani, ndani ya eneo la Walt Disney World karibu na mji wa Orlando. Mimi nauza achari na viungo vya pilau kwa WhatsApp na Instagram, na huko sijawahi kukanyaga. Lakini ramani yao, menyu zao na bei zao ziko wazi mtandaoni, nimeuchunguza mtaa mzima nikiwa nimekaa zangu Tanga. Hilo peke yake ni somo, tutalifikia.

Kwa nini huo mtaa? Fikiria mtu anayekuja pale. Ameshalipa tiketi za viwanja vya burudani, amezunguka na watoto juani, miguu inauma na pochi imepungua. Mwingine ni mkazi wa Orlando, hana tiketi yoyote, ametoka tu jioni kunyoosha miguu. Hakuna hata mmoja anayelazimika kununua kitu. Kwa hiyo mtaa mzima umepangwa kwa ajili ya mtu ambaye hajaamua, na kila kilichopo kinamwondolea sababu moja ya kugeuka na kuondoka.

Historia yake kwa kifupi: ulifunguliwa Machi 1975 kwa jina la Lake Buena Vista Shopping Village, kijiji cha maduka kando ya ziwa. Jina likabadilika mara kadhaa, miaka ya 1990 ukawa Downtown Disney. Mwaka 2013 wakatangaza kuujenga upya, na Septemba 2015 ukapewa jina la Disney Springs. Leo una maduka na migahawa zaidi ya 100. Sasa twende kazi.

1. HAKUNA KIINGILIO

Kwenye viwanja vya burudani unalipa kuingia, na ukija na gari unalipia na maegesho. Disney Springs hulipi kuingia, na maegesho ya kawaida ni bure. Wamejenga maghorofa ya kuegesha magari, na juu ya kila nafasi kuna taa: kijani maana yake pako wazi, nyekundu maana yake pana gari. Dereva haulizi mtu wala hazunguki akibahatisha. Anaona kijani kwa mbali, anaifuata.

Zamani sehemu moja ya mtaa huo iliitwa Pleasure Island. Ilifunguliwa 1989, ilikuwa ya klabu za usiku, na kuingia klabu ilikuwa kwa tiketi. Klabu zile zilifungwa mwaka 2008. Sisemi tiketi ndiyo iliyoziua, biashara ina mambo mengi. Ila pale pale zilipokuwa, leo kuna migahawa ambayo mtu yeyote anaipitia mlangoni bila kutoa hata senti.

Sasa sisi kiingilio chetu ni kipi? Ni lile neno "bei njoo inboksi". Mteja anakilipa kwa muda wake na kwa aibu yake. Wapo wengi wanaoogopa kuuliza, maana ukishauliza bei unajiona una deni la kununua. Basi wanapita kimya kimya.

Andika bei, ujazo, na gharama ya kutuma. Hiyo ndiyo taa yako ya kijani. Najua kuna anayesema, "Washindani wataiona bei yangu." Ndugu yangu, mshindani atajifanya mteja na bei ataipata ndani ya dakika moja. Anayezuiwa ni mteja wa kweli. Na kama kazi yako bei inabadilika, mfano keki au nguo za kushona, andika "kuanzia" halafu weka mfano mmoja wenye picha na bei yake.

2. MITAA MINNE, SURA NNE

Maduka zaidi ya 100 yangeweza kumchanganya mtu. Wao wameyagawa sehemu nne. Marketplace ndiko familia zinakojazana, kuna duka kubwa la World of Disney na duka la LEGO. The Landing iko kando ya maji, majengo yake yamefanywa yafanane na viwanda na maghala ya zamani, na ndiko iliko migahawa mingi ya kukaa. Town Center ni ya maduka ya nguo yenye majina makubwa, kuta zake ni za mtindo wa Kihispania. West Side ni ya sinema na maonyesho. Mtu hahitaji kusoma kibao ajue yuko wapi, akiangalia kuta tu anajua.

Katalogi yako ya WhatsApp au vile viduara vilivyo juu ya posti zako za Instagram vifanyie hivyo hivyo. Makundi matatu au manne yanatosha. Na uyagawe kwa haja ya mteja, siyo kwa namna wewe unavyopanga kabati lako. Mimi nina "Ya pilau", "Ya chai", "Ya kulia wali" na "Ya zawadi". Kila kundi lina mandhari yake kwenye picha: viungo nawekea mkeka, achari nawekea kitambaa cheupe. Mteja wangu wa zamani akiona mkeka anajua leo ni viungo hata kabla hajasoma.

3. DIRISHA KANDO YA MGAHAWA

Hapa ndipo nilipopapenda zaidi, kwa hiyo shika kalamu.

Pale kuna migahawa ya wapishi wakubwa. Morimoto Asia, ya mwaka 2015, ni ya Mjapani Masaharu Morimoto. Jaleo, ya mwaka 2019, ni ya Mhispania José Andrés. Raglan Road, ya mwaka 2005, ni ya Kiayalandi, ina muziki na wachezaji. Ukiingia humo unakaa, unahudumiwa, na bili yake ni ya kukaa na kuhudumiwa.

Lakini angalia walichofanya. Morimoto Asia ana dirisha la nje linalouza chakula cha mtaani cha Kiasia. Jaleo ina kaunta yake iitwayo Pepe, inauza mikate iliyojazwa nyama na jibini. Raglan Road ina jirani yake Cookes of Dublin, unachukua samaki na chipsi zako unaondoka. Yaani chakula ni cha ukoo ule ule, ila milango ni miwili. Asiyeweza mlango mkubwa hafukuzwi, anaelekezwa dirishani. Akionja akapenda, siku akipata hela anajua mlango mkubwa uko wapi.

Sisi hili tunalo tangu zamani. Dukani kwa Mangi mafuta yanapimwa, sukari inapimwa, hata majani ya chai yanafungwa kidogo kidogo. Ajabu ni kwamba tukiingia mtandaoni tunalisahau, tunaweka chupa kubwa peke yake halafu tunalalamika watu hawanunui.

Ila dirisha lina hesabu yake. Tuseme achari nusu kilo unauza 10,000. Gramu 100 zake ni 2,000. Usiuze 2,000! Kuna kikopo, tuseme 300, na lebo 100. Hapo umefika 2,400, kwa hiyo bei ni 2,500. Anayenunua kidogo analipa zaidi kidogo kwa kila gramu, na ni haki, maana ufungashaji wake ni uleule.

Tatizo la pili ni boda. Kikopo cha 2,500 hakiwezi kubeba nauli ya 3,000, mteja atacheka. Ndiyo maana dirisha la wale wenzetu liko kando ya mgahawa, haliko peke yake porini. Kikopo kidogo kiandamane na oda nyingine ("ongeza na hiki uonje"), au viuzwe vitatu vya ladha tofauti kwa pamoja, au mteja akichukue mahali mlipokubaliana. Ukikituma peke yake kwa boda utakuwa unamfanyia kazi dereva.

4. UWE NA KITU KIMOJA UNACHOTAJIWA

Homecomin' ulifunguliwa 2016 na mpishi Art Smith, mzaliwa wa Florida hiyo hiyo, aliyewahi kuwa mpishi wa Oprah Winfrey. Menyu yake ina vitu vingi, lakini ukitaja jina lake mtu anakujibu: kuku wa kukaanga.

Mfano unaotugusa zaidi ni Gideon's Bakehouse. Hawa walianza na kiduka kidogo ndani ya soko la East End Market, hapo hapo Orlando. Wanauza keki pia, ila jina lao limebebwa na biskuti moja kubwa na nzito, wenyewe wanaitangaza kuwa inakaribia nusu ratili. Mwaka 2021 wakawa na duka Disney Springs, na watu wakajaa. Foleni ikiwa ndefu, unaacha namba yako ya simu, unakwenda kuzunguka, zamu yako ikifika unatumiwa ujumbe. Na kila mwezi wanatoa ladha maalumu ya mwezi huo.

Humo kuna mambo matatu ya kuchukua. Kwanza, kitu kimoja kilitangulia, vingine vikafuata. Pili, anayesubiri anaambiwa ukweli, haachwi gizani. Oda yako ikichelewa, tuma ujumbe kabla mteja hajauliza: "Mama Asha, achari yako inaiva kesho, Alhamisi saa nne boda anatoka." Mtu anavumilia kusubiri. Asichovumilia ni kutojua. Tatu, ladha ya mwezi inampa mteja wa zamani sababu ya kurudi. Embe zikiwa msimu, ya mwezi ni embe. Ndimu zikishuka bei, ya mwezi ni ndimu.

5. VYA KUTAZAMA BURE

Kwenye mgahawa wa The Boathouse kuna magari ya miaka ya 1960 yanayotembea barabarani na majini. Kuyapanda ni kwa kulipia, ila kuyaangalia yakiteremka ziwani ni bure, na watu hujipanga ukingoni na simu mkononi. Karibu na duka la LEGO kuna joka la matofali ya kuchezea limeibuka ziwani, kila mtoto anataka picha nalo. Mtu anasimama kwa ajili ya picha, halafu harufu ya chakula inamkuta amesimama.

Kwenye ukurasa wako weka posti zisizouza kitu. Mimi naonyesha namna ya kuitambua iliki iliyokaa sana, au kwa nini mdalasini mwingine ni mgumu kama gome la mti. Fundi cherehani aonyeshe namna ya kujipima mwenyewe nyumbani. Muuza viatu aonyeshe namna ya kukausha kiatu kilicholowa bila kukiharibu. Aliyesimama kutazama ni rahisi kumuuzia kuliko anayepita mbio.

6. HADITHI, LAKINI YA KWELI

Wabunifu wa Disney waliutungia mtaa ule hadithi: eti ni mji wa kale wa Florida uliokua kandokando ya chemchemi, na majengo yakapewa kazi za zamani za kubuni, hapa kiwanda, pale ghala. Chemchemi yenyewe ya maji ya buluu imetengenezwa. Kwao si tatizo, kila anayeingia anajua ni mchezo, amekuja kwa ajili ya mchezo.

Kwetu siyo mchezo. Usiandike "asali ya porini" kama hujui imetoka wapi. Anayenunua kwako anakiweka mdomoni mwa mtoto wake. Sema ya kweli, na yanatosha: embe umenunua soko gani, nani anakata, unaanika siku ngapi, kwa nini hutii rangi. Hadithi ya kubuni ukiisahau siku moja, mteja atakukumbusha mbele ya watu.

SASA, USICHUKUE KILA KITU

Wale wana hoteli zao, mabasi na boti za kuwaletea watu. Sisi hatuna. Kwa hiyo usianze na vya gharama: nembo mpya, mapambo, mpiga picha wa kulipwa. Fanya kwa mpangilio huu. Wiki hii, bei kwenye kila bidhaa. Wiki ijayo, makundi yako manne. Ya tatu, piga hesabu ya bidhaa yako ya dirishani, na uipige kwa kalamu, si kwa kichwa. Haya yote yanagharimu jioni chache na utulivu.

Na yule mteja wa kimya usimchoke. Hajasema hapana. Pengine bado anatafuta taa ya kijani.

Haya, zamu yako. Unauza nini, na bidhaa yako ya dirishani inaweza kuwa ipi? Andika hapo chini pamoja na bei ya kubwa, tuipigie hesabu kwa pamoja. Na kama una mwenzako bado anaandika "bei inboksi", mtumie hii. Biashara njema.