Dereva mwenye umri mkubwa: Bima italipa nini, na wewe utabaki na deni gani?

Na Mwandishi Wetu, Mbugangari

Mfanyabiashara wa Mbugangari, sekta ya Gisenyi wilayani Rubavu, anaweza kuvuka Petite Barrière kwa miguu, akauza bidhaa zake Goma na kurudi siku hiyo hiyo. Mzigo mkubwa ni jambo jingine. Huo hutoka Mombasa kupitia Kampala na Gatuna, au Dar es Salaam kupitia Rusumo, na wapo wenye malori ambao safari hizo huwakabidhi madereva wa miaka 60 na zaidi, kwa sababu wanaijua njia na hawana haraka ya vijana.

Swali ni hili: je, umri wa dereva huyo unapandisha bei ya bima? Na ajali ikitokea, kampuni ya bima italipa?

Kwa kifupi, katika bima ya lazima bei hufuata zaidi gari kuliko miaka ya dereva. Lakini umri unaweza kuamua ni nani atakayebeba hasara mwishoni.

Bima ndogo na bima kubwa

Nchini Rwanda bima ya gari imekuwa ya lazima kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1975. Hii ndiyo wengi huiita bima ndogo: inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza au kumharibia mali. Kampuni hutazama aina ya gari, uzito au idadi ya viti, na kazi ya gari lenyewe.

Bima kubwa hulipa pia gari lako. Hapa kampuni huuliza zaidi: thamani ya gari, limetengenezwa mwaka gani, limepata ajali ngapi, na nani anaendesha. Baadhi ya mikataba huweka kikomo cha umri wa dereva, kwa mfano miaka 70. Mingine hukubali dereva mzee lakini humwongezea mwenye gari sehemu ya hasara ambayo lazima ailipe mwenyewe. Mara nyingi gari lililozeeka ndilo hukataliwa bima kubwa kabla hata dereva hajatazamwa.

Kadi ya Njano haibadilishi mkataba wako

Gari likivuka mpaka, bima ya nyumbani hupanuliwa kwa Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza kufanya kazi mwaka 1987. Rwanda, Kongo (DRC), Burundi, Uganda na Kenya zimo. Tanzania pia imo, ingawa si mwanachama wa COMESA.

Kadi hiyo hulipa madhara ya mtu mwingine kwa kufuata sheria ya nchi ajali ilipotokea, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wako. Hailipi gari lako wala mzigo. Ofisi ya kadi ya nchi ile hushughulikia dai, kisha hurudishiwa fedha na upande uliotoa kadi. Hapo ndipo kampuni yako ya bima hufungua mkataba na kusoma kila sharti.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kenya ina kifungu ambacho kila msafirishaji anapaswa kukijua. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, Sura ya 405, inasema kwamba sharti la umri au afya ya dereva halina nguvu dhidi ya majeruhi ambaye bima ya lazima inapaswa kumlinda. Kampuni haiwezi kumwambia mjane, "Dereva alikuwa mzee, hatulipi." Lakini kifungu hicho hicho kinairuhusu kampuni kumdai mwenye bima fedha ilizolipa kwa sababu hiyo.

Tuchukue mfano wa lori lenye bima ya Kenya. Mkataba unataka dereva asizidi miaka 70, na aliyekuwa akiendesha ana 72. Mahakama inaamuru majeruhi mmoja alipwe shilingi milioni 5 za Kenya. Sheria hiyo inailazimu bima kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja, hivyo milioni 2 ni zako. Kisha kampuni inakudai zile milioni 3. Majeruhi amelipwa, na wewe umebeba zote 5. Lori lako nalo linabaki gereji kwa gharama yako.

Umri peke yake hautoshi

Nchini Uingereza leseni ya lori huhuishwa kila miaka mitano kuanzia umri wa miaka 45, na kila mwaka kuanzia 65, pamoja na uchunguzi wa afya. Mwenye gari wa huku anaweza kufanya vivyo hivyo bila kungoja kulazimishwa. Macho, shinikizo la damu na kisukari vipimwe kila mwaka na cheti kitunzwe. Njia zetu zina jaribio jingine: Rwanda na Kongo tunaendesha kulia, na ukivuka Gatuna au Rusumo unahamia kushoto. Dereva aliyechoka husahau, awe kijana au mzee.

Kabla lori halijaondoka

- Mwambie wakala umri halisi wa dereva, kwa maandishi. Ukificha, kampuni inaweza kukataa dai.
- Uliza: mkataba una kikomo cha umri? Dereva atafikisha umri huo kabla bima haijaisha?
- Ukiwa na dereva aliyekaa miaka mingi bila ajali, omba hilo lizingatiwe kwenye bei.
- Hakikisha tarehe za Kadi ya Njano na za bima ya nyumbani zinalingana, na nchi zote za safari zimeorodheshwa.
- Mzigo ukatiwe bima yake.
- Kwa safari ya Goma, uliza kuhusu madhara ya vita. Mikataba mingi ya kawaida haiyalipi, na tangu mji huo ulipotwaliwa na M23 Januari 2025 swali hilo si la kupuuza.

Dereva mzee asiye na ajali bado ni mali kwa biashara yako, mradi umri wake uwe umeandikwa kwenye mkataba na kampuni iwe imeukubali.