Raga ya wamama Australia: kipaji kilikuwako, mukataba ndio ulikosa

Australia kuko jamaa moja inaitwa Sims. Wavulana watatu wa ile nyumba, Ashton, Tariq na Korbin, walicheza raga katika NRL, shindano kubwa la wanaume kule, na walivaa pia jezi ya Fiji. Raga ilikuwa kazi yao: unatia sahihi, mushahara unaingia. Dada yao mukubwa, Ruan, alicheza muchezo ule ule. Alifika mupaka ekipe ya taifa ya Australia, na alikuwa katika ekipe zilizobeba Kombe la Dunia mwaka 2013 na 2017. Lakini kazi iliyomulisha ilikuwa ingine: alikuwa anatumika na wazima-moto wa jimbo la New South Wales.

Namna gani watoto wa nyumba moja, muchezo mumoja, lakini mifuko mbalimbali? Jibu haliko katika kipaji. Liko katika mukataba.

Kwanza tuelewane juu ya muchezo wenyewe. Kuko raga mbili. Ile inayojulikana zaidi Afrika inachezwa na watu 15 kila upande. Ya Ruan Sims ni ya watu 13. Ekipe yenye mupira inapewa nafasi sita: ikikamatwa mara sita bila kufika kwenye mustari wa wapinzani, mupira unaenda upande mwingine. Ukiuweka mupira chini nyuma ya ule mustari, unapata pointi 4. Ukiupiga kisha ukapita kati ya miti miwili, unaongeza 2. Hapa bega linakutana na bega. Goti likivunjika, mutu anaweza kukaa miezi bila kucheza, na kama anaishi na kazi ya mikono, hata ile kazi inasimama.

Hii raga ya watu 13 yenyewe ilizaliwa ju ya franga. Mwaka 1895, katika muji wa Huddersfield, kaskazini ya Uingereza, klabu za kule ziliachana na wakubwa wa raga. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimbaji wa makaa na watu wa viwanda. Mechi ilikuwa siku ya posho, na siku ya posho watu walikuwa kazini. Ukienda kucheza, unakatwa mushahara. Klabu zikasema: tuwarudishie hata zile saa walizopoteza. Wakubwa wakakataa, klabu zikaenda njia yao. Wamama walikuja kuuliza swali lile lile zaidi ya miaka 100 baadaye.

Zamani, musichana wa Australia aliweza kucheza pamoja na wavulana mupaka miaka 12 hivi. Kisha mulango unafungwa. Wengine walikimbilia michezo mingine. Waliobaki walicheza katika mashindano madogo ya wamama, mazoezi magaribi nyuma ya kazi, na mara nyingi safari walijilipia wenyewe.

Mwaka 2016, klabu ya Cronulla Sharks ilimupa Ruan Sims mukataba, na anahesabiwa kuwa mwanamuke wa kwanza kupata mukataba na klabu ya NRL. Lakini shindano la wamama la kiwango kile halikukuwa bado. Lilianza mwaka 2018, jina lake NRLW, na ekipe nne tu. Kila ekipe ilicheza mechi tatu, kisha fainali. Sims alikuwa kapteni wa Sydney Roosters, wakafika fainali, Brisbane Broncos wakawapiga 34 kwa 12. Musimu ulikuwa wa wiki chache tu. Uliisha, na wachezaji wakarudia kazi zao za kila siku.

Katika ile Broncos alikuwamo Ali Brigginshaw, na maisha yake yanaonyesha kile kilichobadilika. Yeye pia alianza kuchezea taifa wakati hakuna mushahara. Alibeba ubingwa na Broncos mwaka 2018, 2019 na 2020, na 2020 akachaguliwa kuwa muchezaji bora wa mwaka. Lakini badiliko kubwa lilikuja 2023, tena nje ya kiwanja: kisha mabishano marefu, wachezaji na viongozi wa NRL walipatana juu ya mukataba wa pamoja. Mushahara wa chini kwa mwanamuke uliwekwa dola 30,000 za Australia kwa mwaka, upande mupaka 50,600 mwaka 2027. Muchezaji akaweza kusaini kwa miaka zaidi ya mumoja. Kukaingia bima ya matibabu, na sheria ya kumulinda mwenye mimba na muzazi.

Tusidanganyane: zile franga hazitoshi kuishi vizuri katika muji ghali kama Sydney. Wengi bado wana kazi ya pili, na mushahara wa chini wa wanaume unapita sana ule wa wamama. Lakini muchezaji amepata kitu ambacho Ruan Sims hakukuwa nacho wakati wa nguvu zake: saa za muchana za kufanya mazoezi, kula vizuri na kupumzika.

Matunda yanaonekana. Mwezi wa tatu 2025, kule Las Vegas, Australia iliipiga Uingereza 90 kwa 4. Wasichana wa Uingereza wanajua raga, lakini wengi wao wanaicheza nyuma ya kazi. Mwaka ule ule, NRLW ikiwa imefika ekipe 12, Broncos walishinda fainali 22 kwa 18 mbele ya Roosters. Kapteni wao alikuwa Ali Brigginshaw, miaka 35.

Basi wewe muzazi, siku mutu atakuja kukuambia binti yako ana kipaji, aende akacheze mupira "wa kazi", usiulize tu jina la klabu. Uliza: mukataba ni wa miaka mingapi? Akivunjika goti, nani analipa hospitali? Akipata mimba, nafasi yake inabaki? Kama hakuna majibu kwenye karatasi, ile bado ni kujitolea, hata kama uwanja umejaa watu.