Kocha na mshua wakizichapa, dogo acheze namba ngapi?

JUMAMOSI asubuhi, mpenzi msomaji, pita Mwembe Yanga kule Temeke, au Kinesi, au katiza pale Kidongo Chekundu. Utakuta mechi mbili zinachezwa kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya watoto, iko ndani ya chaki. Ya pili ni ya wakubwa, iko nje ya chaki, na hiyo haina refa wala kipyenga cha mwisho.

Hii ya pili ndiyo yenye kasheshe. Upande mmoja yuko kocha na filimbi yake shingoni, upande wa pili wamejipanga kina baba, kina mama na wajomba. "Mtoe huyo namba saba, hajui lolote!" "Kocha, huyu wangu ataanza lini?" Dogo akipata mpira, benchi linamwambia tulia, baba yake anamwambia piga. Anainua kichwa amsikilize nani, beki keshapita na mpira. Hapo kocha anashika kiuno, mshua anashika kichwa, na kila mmoja moyoni anasema umeona sasa, yule mwenzangu ndiye anayemharibu mtoto.

(Mzazi anayepiga kelele kuliko wote mara nyingi ni yule ambaye enzi zake aliishia kubeba maji ya timu. Mtanisamehe, lakini mchunguzeni.)

Ugomvi wa kocha na mzazi si wa leo. Ila ule wa zamani ulikuwa wa namna nyingine. Mpira ulikuwa uhuni. Mtoto akirudi na vumbi miguuni, fimbo inamsubiri mlangoni, na viatu vya mpira vilifichwa kwa jirani kama bangi. Kocha wa mtaani ndiye aliyekuwa anakwenda nyumbani kwa watu jioni, amevua kofia, anabembeleza: mzee shikamoo, naomba unipe kijana kesho tuna mechi, nitamrudisha mwenyewe kabla ya magharibi. Akipewa, amepewa kwa shingo upande. Akinyimwa, anaaga kwa adabu na kesho anarudi tena.

Leo upepo umegeuka. Watu wamemwona Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, akitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akichukua tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani humu mwanzoni mwa 2016, mwaka huohuo akatua Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akaingia Aston Villa. Machi mwaka huo akafunga goli Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini nani hapa mjini alijali? Mshua aliyekuwa anaficha viatu sasa ndiye anayevinunua, na anataka kujua vimemfikisha wapi mtoto.

Hapa tuwatenganishe wazazi, maana hawafanani. Yuko yule wa ushuani, anayempeleka mtoto kwenye kituo cha kulipia. Huyu analipa ada kila mwezi, amenunua jezi, chupa ya maji na begi, na kichwani mwake ada inanunua namba. Mtoto akisugua benchi wiki mbili anaona ameibiwa, kama mtu aliyelipa nauli ya kwenda Posta akashushwa Magomeni. Kocha naye hana ubavu wa kumwambia kwamba mtoto wake bado, kwa sababu kodi ya pango inatoka kwenye hiyohiyo ada. Matokeo yake mtoto anapangwa kwa heshima ya risiti. Wenzake wanajua, na yeye mwenyewe anajua, na hakuna kitu kinachomvunja moyo mtoto kama kupasiwa mpira kwa huruma.

Halafu yuko mzazi wa uswahilini, na huku ndiko mambo yanakouma zaidi.

Kocha wa huku hana mshahara. Ana watoto arobaini, mipira mitatu, na mmoja kati ya hiyo unavuja upepo. Nauli ya mechi ya ugenini anachangisha, ikipelea anatoa mfukoni. Dogo akiteguka, kocha ndiye anayempeleka kuchuliwa. Miaka minne, mitano, mzazi hajawahi kukanyaga uwanjani hata siku moja. Kisha dogo anafika miaka 16, mguu umekubali, timu kubwa inamuulizia. Loo! Siku ya pili uwanjani kuna baba, kuna mjomba aliyejipa cheo cha umeneja, na kuna jamaa mwingine mwenye miwani ambaye hakuna anayejua ametokea wapi. Wote wanasema mtoto ni wetu. Kocha anasema mtoto ni wenu, lakini mchezaji ni wangu. Anakamata fomu za usajili, hazitoi. Wao wanasema anataka kumuuza mtoto. Yeye anasema wao ndio wanataka kumuuza. Dogo anakaa nyumbani nusu msimu, hajafanya kosa lolote.

Sasa tuzungumze hiyo pesa yenyewe, maana watu wanazichapa kwa mfuko ambao hawajaufungua kuona kuna nini ndani.

Kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 hadi 23. Hilo ndilo fungu la mshikamano. Tuseme kijana ameuzwa dola milioni moja. Fungu ni dola 50,000. Klabu iliyokuwa naye akiwa na miaka 12 hadi 15 inapata dola 2,500 kwa kila mwaka iliomlea, na iliyokuwa naye baada ya hapo inapata 5,000 kwa kila mwaka. Ipo pia fidia ya malezi, ambayo hulipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na anapohama nchi kabla ya mwaka anaofikisha miaka 23 kwisha. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupitishia malipo haya.

Soma tena taratibu. Wanaolipwa ni klabu. Siyo kocha na filimbi yake, siyo baba, na mjomba ndiyo kabisa hayumo. Na siyo kila klabu: ni ile iliyosajiliwa na chama, yenye kumbukumbu kwamba mtoto huyu alikuwa wetu kuanzia msimu fulani hadi msimu fulani. Timu ya mtaani isiyosajiliwa, inayoandika majina ya wachezaji nyuma ya daftari la hesabu, haipati hata senti, hata kama ndiyo iliyomfundisha dogo kupiga danadana. Kwa hiyo kocha anayeficha fomu ya mtoto mara nyingi anaficha karatasi isiyo na thamani, na mzazi anayempora anapora hewa. Ingekuwa busara zile kelele zote zikageuzwa nauli ya kwenda kusajili timu.

Na yule jamaa wa miwani anayeahidi Ulaya? Muulizeni dogo ana miaka mingapi. FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine, ila kwa sababu chache, mfano wazazi wenyewe wamehamia huko kwa mambo yao yasiyohusu mpira. Kelvin John, aliyekuwa mshambuliaji wa Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za vijana zilizochezwa hapa Dar mwaka 2019, alikwenda kwanza kusoma Uingereza, na Genk wakamsajili mwaka 2021 alipotimiza miaka 18. Mwenye kipaji kile alisubiri. Huyu wa kwenu mwenye miaka 15 anayeambiwa apande ndege mwezi ujao anapelekwa wapi?

Kuna jambo moja tu ambalo kocha na mzazi hawajawahi kugombana: kupunguza umri. Hapo wanaelewana kama pete na kidole. Mmoja anatafuta cheti, mwingine anajaza fomu, na dogo anafundishwa kusema tarehe mpya ya kuzaliwa mpaka aizoee. Tumeshaumia kwa hilo. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamekwishafuzu kwenda Gambia, wakaenguliwa kwa kumchezesha aliyezidi umri. Wenzake wote wakabaki nyumbani. Baadaye mchezo huo ukatuangukia kwa faida: Congo Brazzaville wakaenguliwa kwa utata wa umri wa mchezaji wao, sisi tukaenda Gabon mwaka 2017. Siku hizi kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 wanapiga kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, wanatazama kama mfupa umeshafunga. Mashine haisomi cheti.

Upande wa mabinti, mimi niko na wazazi moja kwa moja. Mama akiuliza safari ya Morogoro mnalala wapi, nani mwanamke anayeambatana nao, na kwa nini kocha anampigia binti simu saa nne usiku, asiambiwe anaharibu kipaji. Kocha safi halichukii swali hilo. Anayenuna ndiye wa kumtazama mara mbili.

Nimeyaandika haya kwako kijana kwa sababu moja. Nyumba nyingi hapa mjini anayetumwa uwanjani siyo mshua, ni wewe kaka mtu au dada mtu. "Nenda kamwone huyo kocha anamfanyia nini mdogo wako." Basi ukienda, usianze na kwa nini hapangwi. Msalimie mtu, subiri mazoezi yaishe, usimvamie mbele ya watoto. Muulize timu imesajiliwa wapi na kwa jina gani. Muulize dogo afanye nini ili aanze, kisha jibu hilo lifikishe nyumbani kama lilivyo, usilitie chumvi. Mwambie siku za tuisheni na za madrasa, mpange ratiba, kwani kocha hawezi kujua kwamba mtihani ni wiki ijayo kama hakuna aliyemwambia.

Na ukipewa karatasi ya kusaini, angalia kwanza jina la nani liko chini. Mtoto wa miaka 15 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba peke yake, lazima mzazi au mlezi awepo. Omba nakala. Soma unaanza lini na unaisha lini, na nani analipa dogo akivunjika mguu. Kama kocha anasema haina haja ya nakala, tunaaminiana, mwambie kwa upole kwamba mshua amesema usirudi nyumbani mikono mitupu.