Usingizi wa Sili-Tembo Vilindini mwa Bahari

Ubongo hufanya kazi kwa umeme hafifu upitao katika mishipa ya fahamu, na misuli hukaza au kulegea kwa amri yake. Mwaka 1929, Hans Berger wa Ujerumani alitangaza namna ya kuupima umeme huo juu ya kichwa cha mtu. Tangu hapo wataalamu wamejifunza kumtambua kwa kipimo hicho aliye macho, aliyelala na aotaye ndoto. Kwa mnyama wa baharini kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme, na ishara ndogo ya ubongo hupotea humo.

Sili-tembo wa kaskazini hukaa katika bahari ya Pasifiki kiasi cha miezi 7 bila kurudi nchi kavu. Je, hulala lini? Vinasa kina vya zamani vilionyesha kwamba mara nyingine huacha kuogelea na kuzama polepole. Lakini havikueleza kama amelala au anapumzika tu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walitengeneza kofia ya mpira laini, mfano wa mavazi ya wapiga mbizi, na kuibandika kwa gundi ili maji yasizifikie elektrodi. Chombo hicho kilinasa umeme wa ubongo, mapigo ya moyo, mwendo na kina. Matokeo ya sili 13 yalitangazwa mwaka 2023.

Sili huzama akiogelea, kisha usingizi mzito humchukua huku akiendelea kushuka kwa utulivu. Ufikapo usingizi wa ndoto, misuli hulegea. Mwili hupinduka tumbo juu na kuzunguka kama jani liangukalo mtini. Kabla ya dakika 20 kupita huamka, akapanda kuvuta pumzi. Kwa siku hulala saa 2 tu, ilhali ufukweni hulala zaidi ya saa 10.

Mnyama aliyelegea misuli hawezi kukimbia. Papa na nyangumi wauaji huwinda zaidi karibu na uso wa bahari. Kwa hiyo sili hujilaza vilindini, mamia ya mita chini.

Kwa ufunguo huo, kumbukumbu za kina za sili wengine 334 zilisomwa upya, na mahali wanapolala pakajulikana. Wahifadhi wamezoea kulinda mahali wanyama wanapokula na kuzaa. Sasa mahali pa kulala napo pana ushahidi wake.