Kila Kifurushi Kijilipie

Webuye, mji wa Kenya, inaijua dhiki. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilipofungwa mwaka wa 2009, mishahara iliyokuwa ikizunguka madukani ilikauka. Katika mji kama huu, anayeuza viatu au vipodozi kwa WhatsApp na Facebook hushauriwa ashushe bei, asafirishe bure na atafute wateja wengi haraka. Ushauri huo ni hatari. Biashara ndogo ya mtandaoni huvuka msimu mgumu pale tu kila kifurushi kinapojilipia. Kuongeza vifurushi ni hatua ya pili.

Tazama yaliyoipata Copia. Kampuni hiyo ilianza Kenya mwaka wa 2013, ikawauzia watu wa vijijini kupitia mawakala wenye maduka madogo. Mtaji haukukosekana: mwaka wa 2022 ilichangiwa dola milioni 50 na wawekezaji. Hata hivyo, mwaka wa 2023 ilifunga shughuli zake za Uganda, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi baada ya kuishiwa na fedha. Kufikisha unga na sabuni kijijini kunahitaji gari, mafuta, ghala na vibarua, ilhali faida ya bidhaa hizo ni nyembamba. Oda isiyorudisha gharama zake ikizidishwa mara elfu, huzaa hasara mara elfu. Kodi nayo haisamehe: tangu Sheria ya Fedha ya 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Anayeuza kwa hasara bado anadaiwa.

Webuye ina nafuu yake. Iko pale barabara kuu ya kwenda Malaba inapoachana na ile ya Kitale, na matatu hupita kutwa. Muuzaji anaweza kukusanya oda za Kitale za siku mbili, azitume pamoja, na wateja wazichukue stejini. Gharama ya safari moja hugawanywa kwa wengi.

Wapo watakaosema kwamba mteja aliyewahi kutapeliwa hatumi pesa kabla ya kuona mzigo. Ni kweli, na ana haki. Basi aombwe nauli peke yake kwa M-Pesa, bei ya bidhaa ailipe akishaikagua. Wengine watasema mshindani anayesafirisha bure atawabeba wateja wote. Atawabeba wanaofuata cha bure, nao watamhama siku atakapoanza kutoza. Aliyepata saizi sahihi, kwa siku aliyoahidiwa, hurudi bila kulipiwa tangazo, na ukuaji wa kweli huanzia kwake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kukopa au kulipia tangazo jingine, andika oda zako kumi za mwisho: bei ya kununulia, nauli, ada za kutuma pesa, mizigo iliyorudishwa. Oda isiyobakisha kitu, irekebishe au iache.